Mayu, Safari Hii Sipishi Njia

Mayu,

Shikamoo. Naam, ni mimi mwenyewe ninayekusalimia, bila mwanao Kabula katikati. Wakikuuliza huko uliko ni nani huyo kakuvunjia heshima, waambie ni mkweo, mume wa binti yako, yule wa Tabora mjini. Miaka yote uliyokuwa hai sikukuita Mayu, yaani mama, hata mara moja. Kwenu kijijini Puge mama mkwe na mume wa bintiye hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawapeani mkono, na wakikutana njiani mtu huingia porini mpaka mwenzake apite. Mimi nimekulia mjini, ambako tangu enzi za misafara watu wanapita tu na hakuna anayempisha mtu. Kwetu mama mkwe hukaa barazani na wakwe zake, wanakunywa kahawa na kuwasema majirani. Lakini nilipomwoa Kabula niliishika mila yenu, na nikaishika vizuri. Leo naivunja kwa sababu nina hasira, na mwanao amechoka kunisikiliza. Jana kanikata kauli: "Mimi basi. Kamwambie mama." Haya, nakwambia.

Kwanza kuna swali lako nataka kulijibu. Kabula aliniambia uliwahi kumuuliza: huyu mumeo anafanya kazi gani, mtu mzima anashinda ndani anatazama kioo? Akakujibu, "Kompyuta." Sasa hilo nalo ni jibu? Ningekuwa mimi ningeuliza tena, lakini wewe hukuwa mtu wa kung'ang'ania.

Iko hivi. Ndani ya kila kompyuta, chini kabisa, kuna sehemu inaitwa kiini. Ndiyo inayogawa kazi zote. Ila kiini peke yake hakijui kipimajoto ni nini wala hita ni nini. Kila kifaa unachokichomeka kinahitaji kipande cha programu cha kukisemea, na kipande hicho sisi tunakiita draiva. Mimi ndiye ninayeandika hivyo. Ni kazi ya gizani, Mayu. Ikienda vizuri hakuna anayejua kuwa nipo duniani, na ikienda vibaya simu haziishi kuita.

Ugumu wake uko hapa. Kompyuta za siku hizi zina mikono mingi, na yote inafanya kazi kwa wakati mmoja. Mikono miwili ikigusa kifaa kimoja kwa pamoja, huu unaandika hili na ule unaandika lile, kinachobaki ni takataka. Kwa hiyo kila kifaa tunakiwekea kufuli. Anayetaka kukigusa achukue kufuli, afanye lake, arudishe, aliyemkuta asubiri. Kuna makufuli ambayo anayesubiri anaruhusiwa kulala. Mengine anayesubiri hasinzii, anasimama mlangoni anagonga, anagonga, anagonga, na wewe uliye ndani ukithubutu kupitiwa na usingizi umeichosha nyumba nzima. Ndiyo hivyo. Nalipwa kwa kuwafundisha wasiojuana namna ya kupishana.

Ungecheka, najua. Ulikuwa na kicheko cha puani, nilikisikia mara nyingi kupitia ukuta wa jikoni. Na sauti yako niliizoea kwa njia ya kuku. Kumbuka, ulikuwa husemi nami, unasema na kuku. "Wewe kuku, mgeni ameletewa michembe, vile viazi vikavu vya kuchemshwa na karanga, asije akasema Puge tulimlaza na njaa." Kuku anadonoa zake, mimi nyuma ya ukuta najibu kwa kumsifia mbuzi: "Mbuzi huyu ana bahati, nyumba hii inapika." Kabula alikuwa anajifunika khanga mdomoni. Siku moja ulimwambia kuku kwamba shati langu limechanika mgongoni na ni aibu kwa mke wangu kuniacha nitembee hivyo. Sikujua uliliona saa ngapi, maana sheria ilikuwa usinitazame. Nilimwambia mbuzi kwamba katika nyumba hii wapo wanaochungulia. Hapo ndipo kicheko cha puani kilipotoka.

Ila siku ninayotaka kukukumbusha ni ile ya njiani. Mimi nilishuka kwenye basi barabarani adhuhuri, nina mfuko wa sukari begani, nakuja kwenu. Wewe ulikuwa unatoka nyumbani mikono mitupu, unakwenda kwa dada yako. Njia ile nyembamba, nyasi huku na huku. Nikaona khanga yako kwa mbali, nikaruka pembeni nyuma ya kichuguu. Nikajisifu moyoni: leo mkwe kaonyesha adabu. Kumbe na wewe uliliona shati langu, ukaingia nyuma ya mninga upande wa pili. Basi. Mimi nasubiri upite, wewe unasubiri nipite. Kuchungulia haifai. Kuita haifai. Nikakohoa, maana yangu pita mama, njia nyeupe. Ukanisikia, ukadhani nasema nipo, usije. Ukakohoa na wewe, nikadhani hivyo hivyo. Jua linawaka, sukari begani, siafu wamenipanda mpaka magotini, na mimi sitikisiki. Si nina adabu!

Aliyetuokoa ni Kabula. Alikuja kunitafuta, akamkuta mama yake kwanza, kisha mume wake, hatua chache tu katikati yetu. Akasimama njiani mikono kiunoni: "Jamani, ninyi watu wazima mnacheza kombolela?"

Jioni ile ulimwambia kuku maneno ambayo sijayasahau. "Kuku, adabu bila mpango ni ujinga wetu sote wawili. Kuanzia leo, anayekuja nyumbani ndiye anapita, anayetoka ndiye anaingia porini. Basi, imekwisha." Na kweli iliisha. Miaka yote iliyofuata hatukukwama tena hata siku moja, tena mila haikuguswa hata ncha.

Nimewasimulia kisa hiki wenzangu wa ofisini Dar, kwa simu, maana mimi nafanyia kazi Tabora. Walicheka mpaka mmoja akalia. "Hizo mila za porini, ndugu yetu!" Niliwaambia acheni hizo. Watu wawili wamekubaliana kuheshimiana, wamekuta kasoro, wameirekebisha siku hiyo hiyo bila kutupa heshima yenyewe. Nyie mna kasoro ngapi mmezifunika? Sikujua kwamba muda si mrefu nitawauliza swali hilo tena, na safari hiyo hakuna atakayecheka.

Siku ya msiba wako, wakati watu wanapita kutoa heshima za mwisho, shangazi zake Kabula waliniita. Wakaniambia sasa ruksa, umwangalie, ameshaondoka huyo, hakuna mila tena. Nikakataa. Wakanishangaa, mmoja akasema huyu wa mjini ana kiburi. Sawa, ninacho. Nilichimba kaburi lako na vijana wa kijiji, nikabeba maji, nikapasua kuni, na uso wako sikuutazama. Makubaliano yalikuwa ya wawili, na mmoja hawezi kuyavunja kwa kuwa mwenzake amelala. Nililia nyuma ya zizi mpaka nikaona haya mbele ya ng'ombe. Nakupenda, Mayu. Haya, nimelisema hilo nalo, na kuku hayupo.

Sasa njoo kwenye hasira yangu.

Kampuni yetu inatengeneza inkubeta, kitanda cha kioo cha kuwatunzia joto watoto njiti, waliozaliwa kabla ya siku zao. Inatengenezwa hapa hapa nchini, kwa bei ambayo kituo cha afya cha kijijini kinaiweza, na niliipenda kazi hiyo kuliko zote nilizowahi kufanya. Draiva yake tuliiandika wawili. Mimi niliandika upande wa kipimajoto, mwenzangu Nasoro wa Dar akaandika upande wa hita. Mimi, niliyelelewa vizuri, nilipotaka kusoma joto nilichukua kwanza kufuli la kipimajoto, kisha nikaomba la hita ili niipe taarifa. Nasoro, naye kalelewa vizuri, hita ikibadilika alichukua kwanza kufuli la hita, kisha akaomba la kipimajoto. Kila mmoja ukimsoma peke yake ni safi kabisa. Kwenye bodi ya zamani, ule ubao wa kompyuta ndani ya mashine, wenye mkono mmoja, tulipima wee, hatukuona kitu. Kampuni ikaleta bodi mpya yenye mikono minne. Sasa mikono miwili inaweza kuanza kwa wakati mmoja: wangu umeshika kipimajoto unangoja hita, wa Nasoro umeshika hita unangoja kipimajoto. Hakuna anayeachia. Hakuna aliyekosa adabu. Na hakuna Kabula wa kuja kusimama katikati.

Unajua mashine inafanya nini hapo? Haipigi kelele. Skrini inabaki na joto la mwisho ililosoma, thelathini na sita, namba nzuri ya kumfurahisha muuguzi. Hita nayo inabaki ilivyokuwa. Kama ilikuwa inawaka, kuna fyuzi ya kuikata isizidi, kwa hiyo kuungua mtoto hataungua. Kama ilikuwa imezima, mtoto anapoa, taratibu, chini ya namba nzuri. Na kwa kupoa hakuna fyuzi.

Sitakudanganya kwamba wewe ndiye uliyenifundisha hayo. Makufuli nilisomea chuoni, na dawa yake iko kwenye kila kitabu: pangeni kufuli lipi linachukuliwa kwanza, na wote mfuate. Hata ndani ya kiini kuna mkaguzi ambaye ukimwasha anatazama makufuli yanavyochukuliwa, akiona wawili wamepishana mpangilio anapiga yowe hata kabla hawajakwama. Tulikuwa naye. Meneja aliagiza azimwe kwa sababu anapunguza mwendo wa mashine. Mimi nilimwasha kwenye bodi yangu wiki iliyopita, hapa nyumbani, akapiga yowe dakika ile ile. Nikaikimbiza mashine makusudi mpaka ikaganda mbele yangu. Nilicheka peke yangu, nikakumbuka siafu. Kisha nikakumbuka kuwa moja ya mashine hizo tayari iko kazini, kwenye kituo kimoja cha afya upande wa Ulyankulu, kwa majaribio. Kicheko kikaisha.

Nikarekebisha. Kipimajoto kwanza, hita baadaye, kwa kila mtu, mimi na Nasoro. Nikampigia meneja, nikamwambia tupeleke draiva mpya Ulyankulu leo, na mashine ile isiwekewe mtoto mpaka tufike. Akaniambia subiri mkutano. Jana mkutanoni, kwa simu, akasema inatokea mara moja moja tu, tuwaambie wauguzi waizime na kuiwasha kila asubuhi, draiva mpya itaingia kimya kimya na toleo lijalo. Na mimi nitie saini kwamba mashine imepimwa na iko salama, maana wafadhili wanangoja.

"Ukiandika neno kosa," akaniambia, "wafadhili watakimbia."

"Na mtoto," nikamuuliza, "yeye atakimbilia wapi?"

Nasoro alikuwa kwenye simu hiyo hiyo, nilisikia anavuta pumzi, hakusema neno. Simlaumu sana, ana familia na kodi ya nyumba. Meneja akaanza kunibembeleza, kwamba mimi ni kijana mzuri, nisiwe kichwa ngumu, mambo haya yanamalizwa kiutu uzima. Nikamwambia saini yangu hapati. Sio leo, sio kesho, na akikuta jina langu kwenye karatasi hiyo ajue limeghushiwa. Kabla ya jioni walinifungia barua pepe nikiwa katikati ya sentensi. Ukaja ujumbe kwamba kazi sina, na nikiigusa mashine yao watanishtaki.

Wanishtaki! Waende mbele ya hakimu waseme: mtu huyu alikuja akaizuia mashine yetu isimpoze mtoto. Nataka niwepo siku hiyo. Nitavaa shati zuri, lisilochanika mgongoni.

Kabula hakuniambia niache. Aliniambia, "Unachonisimulia mimi cha nini? Barabara ya Ulyankulu huijui?" Umezaa mtu, Mayu. Alfajiri nikabeba kompyuta yangu, nikatafuta usafiri, nikafika kituoni na vumbi mpaka kwenye kope.

Na mtoto alikuwamo ndani. Mdogo, kofia ya sufu kichwani, mguu wake haufiki kidole changu. Mama yake anaitwa Odeta, binti wa wakulima wa tumbaku wa huko Ulyankulu, rozari shingoni, hajafika hata miaka ishirini ukimtazama. Muuguzi wa zamu, mama wa makamo asiye na mchezo, akaniuliza kibali changu kiko wapi. Nikamwambia sina, nimefukuzwa jana. Akanitazama juu mpaka chini. "Sasa nikuamini kwa lipi?"

"Usiniamini," nikamwambia. "Mtoe mtoto, kisha tazama kwa macho yako."

Alifikiri kidogo. Akamtoa, akamlaza kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, akawafunga kwa kitenge kama wanavyofanya siku zote mashine ikiwa haipo. Mimi nikageuza uso ukutani mpaka waliponiambia tayari. Kisha nikaiendesha ile draiva ya zamani kwa fujo, kitanda kitupu, mpaka ikaganda. Thelathini na sita. Nikamwomba muuguzi kikombe cha maji ya mtungi, nikatumbukiza kipimajoto ndani yake. Thelathini na sita. Akatia kidole kwenye maji, akatazama skrini, akatia tena. Alikwenda dirishani akasimama huko, akarudi, akaniambia, "Rekebisha."

Nikaweka mpya. Nikaiendesha kwa fujo ile ile, na zaidi ya ile, asubuhi nzima, mkaguzi nimemwasha, na yule mama muuguzi kakaa na kikombe chake mkononi. Kila akitumbukiza, namba inashuka. Kila akitoa, inapanda. Alirudia mpaka maji yakapata joto, akaenda kuchota mengine. Mchana akasema inatosha, amemuona mtu mwenyewe na ameiona mashine.

Wakati anamrudisha mtoto, Odeta akaniuliza. Alikuwa hajanisemesha tangu nifike.

"Kwa hiyo mlijua?"

Nilitaka kusema "wao". Neno lilikuwa tayari mdomoni, na lingekuwa kweli pia. Lakini yeye alisema mlijua, na mimi ndiye niliyekuwa mbele yake.

"Tulijua," nikamwambia.

"Na mtoto wangu yumo."

"Ndiyo."

Hakupiga kelele. Alifunga vizuri kitenge chake, akaonyesha benchi lililoko kando ya ile mashine. "Kaa hapo," akasema. "Wewe si umesema sasa ni nzima? Basi akilala humo, na wewe upo. Mpaka mimi niseme."

Muuguzi akafungua mdomo kunitetea, nikamwashiria aache. Nimekaa. Nimeomba karatasi, wamenipa, na ndiyo ninayoandikia haya. Sijashukuriwa na sihitaji. Odeta amekaa upande wa pili wa kioo, macho kwangu, macho kwa mtoto, macho kwangu. Kuna wakati nimetamani niinuke nitoke nje nikapate hewa, nikamkuta ananitazama, nikabaki. Sijutii kitu, Mayu, ila nina hofu, na nakwambia wewe tu. Kuandika draiva ni rahisi. Kukaa ukitazamwa na mwenye mtoto ndiyo kazi. Kila mtu pale ofisini angepaswa kukalishwa kwenye benchi hili walau siku moja, meneja kwanza.

Mtoto anapumua. Namba inapanda kidogo, inashuka kidogo, ipo hai. Lala salama huko Puge, mama yangu. Makaburini kwenu nitakuja kupalilia mvua zikianza, na nitasema nawe moja kwa moja, wasiopenda wazibe masikio.

Naishia hapa kwa sababu simu inaita. Ni meneja, nadhani kituo kimempa habari. Odeta kaliona jina kwenye kioo cha simu, ameniuliza ni nani huyo, nikamwambia ndiye mwenye mashine. Ananyoosha mkono.

Nampa simu. Aongee naye yeye.

Mkweo,
mume wa Kabula